Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: chanjo ya mafua iletwe kliniki ya sukari

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga, na sukari naishi nayo mwaka wa 11 sasa. Kliniki sikosi. Nimepimwa macho, nimekaguliwa miguu, nimekatazwa wali wa nazi mpaka nimezoea kuutazama tu. Lakini chanjo ya mafua sikuwahi kusikia ikitajwa hata siku moja. Niliisikia mara ya kwanza Mei 2024, nilipokuwa najiandaa kwenda hija.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ilikuwa lazima kwa kila hujaji. Ya mafua tuliambiwa ni hiari, ila daktari alipoona kwenye fomu yangu neno kisukari, akainua macho: "Mzee, wewe hii usiikose." Nikamuuliza kwa nini. Aliyonieleza kwa dakika tano, laiti ningeyajua mapema, pengine nisingelazwa.

Maana nilishalazwa, tena kwa mafua. Sukari 19, dripu, siku nne wodini. Wakati ule niliilaumu chai ya asali na ile dawa ya kikohozi tamu kama sharubati, na kweli hazikusaidia. Lakini kisa chenyewe kilianzia ndani. Mwili ukipambana na homa hutoa homoni zinazolifanya ini limwage sukari kwenye damu, na insulini ya kuishusha, iwe ya mwili au ya sindano, haina nguvu ile ya siku zote. Sukari ikishapanda, chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, nazo zinazubaa. Basi mafua yanapandisha sukari, sukari inayapa mafua nafasi, na nyuma yao inakuja nimonia.

Nikachanjwa, na hapo ndipo lilipo hasa lililonifanya nikuandikie.

Kesho yake bega liliuma, mwili ukachoka kama niliyeshinda shambani, na mashine ikasoma 11.8. Asubuhi zangu huwa 7 au 8. Daktari alinieleza faida za chanjo, hakunieleza habari ya siku mbili zinazofuata. Nikaingiwa na hofu, nikameza glibenclamide, vidonge vyangu vya kushusha sukari, mara mbili ya kipimo changu, na chakula cha usiku nikakidonoadonoa tu. Saa nane usiku nikaamka natetemeka, shuka limelowa jasho. Mama watoto akanipima: 3.1, sukari imeshuka mno. Akakoroga sukari kwenye maji, akaninywesha huku ananisomea dua.

Mtaani wakasema chanjo nusura imuue mwalimu. Sivyo. Chanjo ilinipandishia sukari kwa siku moja na ushei, na wapo wengi isiowapandishia kabisa. Vilivyotaka kuniua ni vidonge nilivyojiandikia mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyeniambia maneno haya: siku mbili tatu pima sukari mara nyingi zaidi; dawa au insulini usiiache wala usiongeze bila kuuliza; kula na unywe maji kama kawaida; homa ikizidi au sukari ikigoma kushuka, rudi. Na kwa wenye wasiwasi, chanjo hii ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kukuambukiza mafua. Maelezo hayo hayamalizi hata muda wa kuvaa viatu baada ya kukaguliwa miguu.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni chanjo itolewe palepale kliniki ya sukari, siku ileile, na nesi yuleyule anayetujua. Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na chanjo ya mafua vivyo hivyo. Zote mbili zikiganda zimeharibika. Nafasi kwenye friji itahitaji kupangwa, hilo nalielewa, lakini utaratibu wa kutunza ubaridi si mgeni pale. (Wapo wenzetu vijijini wanaotunza insulini kwenye mtungi uliofukiwa mchangani. Hao ni habari nyingine, inayostahili barua yake.)

Nitaambiwa mafua ya msimu ni mambo ya Ulaya na baridi yao. Huku kwetu karibu na ikweta mafua yanazunguka mwaka mzima, na si kila mwaka yanapanda mwezi uleule. Shirika la Afya Duniani hutangaza mchanganyiko wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini, kwa kuwa kirusi hakikai na sura moja. Wataalamu wenu wachague upi unatufaa na mwezi gani. Sisi hata mkisema Ramadhani tutakuja.

Tena si jambo geni. Julai 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa nchini, wenye maradhi sugu tuliwekwa katika makundi ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani nalo linawataja wenye maradhi kama haya miongoni mwa wanaopaswa kupewa kipaumbele katika chanjo ya mafua. Na kwa kuwa tangu 2023 tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, naomba sindano hii ifikiriwe kwenye kitita cha mgonjwa wa kisukari. Mimi niliilipia kutoka kwenye akiba ya hija. Si kila mtu ana akiba ya hija.

Kliniki yetu ni Jumanne. Kuna mzee mwenzangu tunayekaa naye benchi moja, yeye anajidunga insulini, na ameapa hachanjwi kwa yaliyonikuta mimi. Nimemweleza mara tatu. Jibu lake ni hilohilo: "Wewe umefundisha jiografia. Mimi namsubiri nesi aniambie."

Naomba nesi apewe la kumwambia.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Tanga