Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya sataranji (chess),

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nawakumbusha tu wenye ada ya mwaka jana mifukoni kwamba tunawajua. Darasa la watoto la Jumamosi linaendelea, na saa mbovu za mchezo zimepelekwa kwa fundi.

Kilichotusumbua mwaka huu ni sare, yaani michezo kuisha bila mshindi. Raundi ya mwisho ya mashindano yetu, meza ya kwanza walipeana mikono na kukubaliana sare hatua ya tisa, chai bado iko jikoni. Vijana waliokuja kutazama waliondoka wakinung'unika. Nilikasirika, nikaandika pendekezo usiku uleule: marufuku sare kabla ya hatua ya 30.

Wiki iliyofuata, kwenye uchambuzi, tukapanga ubaoni mchezo wa Bobby Fischer wa Marekani na Mikhail Tal wa Umoja wa Kisovyeti, Olimpiadi ya sataranji ya Leipzig, 1960. Tal ana miaka 23, bingwa wa dunia tangu Mei. Fischer ana 17, anacheza nyeupe. Ufunguzi ni Ulinzi wa Kifaransa. Malkia wa Fischer anaingia mapema, anakula askari wa g7, kisha wa h7 (hayo ni majina ya miraba ya ubao). Kuanzia hatua ya 14 hakuna anayeokoa chake, kila mtu anakula cha mwenzake. Farasi mmoja wa Fischer anatua e5, f7, d8, e6, hatua nne mfululizo, na kila anapotua anakula. Hatua ya 20 Tal anammaliza farasi huyo kwa malkia, ngome yake anaiacha g2 mdomoni mwa mfalme. Fischer anaila. Malkia wa Tal anaruka g4: cheki, mfalme ameshambuliwa, lazima akimbie. Mfalme akienda h1, cheki f3. Akikimbilia g1, cheki g4 tena, na hivyo hivyo bila mwisho. Fischer ana ngome dhidi ya farasi, yaani kete yenye nguvu zaidi, na haimfai kitu. Sare, hatua ya 21.

Mmoja wenu akauliza kwa upole, "Mwenyekiti, na hawa tungewaadhibu?"

Nimeliondoa pendekezo. Kamati inaleta jingine, lililoigwa kwa mashindano ya Sofia, Bulgaria, yaliyolitumia kuanzia 2005 hadi 2009: wachezaji hawaombani sare wao kwa wao. Anayeitaka amwite mwamuzi, amwonyeshe ubao. Cheki isiyokwisha itapita, uchovu hautapita.

Kura ni leo, baada ya chai. Wale wawili wa meza ya kwanza wamo kwenye kamati, na wote wamesaini.