Msiufunike mkono wa mtoto wote

Mhariri,

Mjukuu wangu wa miezi minane alilazwa kwa kuharisha. Alichomwa sindano ya dripu mara tano kabla ya mshipa kupatikana, maana mtoto aliyepungukiwa maji mishipa yake hujificha. Hilo naelewa. Kilichoniuma ni bandeji ambayo wauguzi walimzungushia mkononi hadi vidoleni. Usiku kucha alilia, tukaambiwa ana njaa. Alfajiri nikaifungua mwenyewe: mkono umevimba kama andazi, ngozi inang'aa, ya baridi. Dripu ilikuwa inaingia nyamani, si mshipani.

Nawaomba wauguzi waache pale penye sindano paonekane, wapakague kila saa. Nanyi akina mama, mkiona uvimbe, au mtoto analia akiguswa mkono, mwiteni muuguzi papo hapo aisimamishe dripu. Msingoje kuche.

Bibi wa mtoto,
Tanga