Barua Iliyo Juu ya Vitabu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Barua hii nimeiweka juu ya vitabu, chini ya kifuniko cha sanduku, ili uikute utakapolifungua huko Nairobi wala si hapa Amu, kwa sababu ningekwambia haya kwa mdomo ungenikatiza ukasema, "Baba, ushaanza," nami ningenyamaza kama ninavyonyamaza kila mara. Ninyi mmelala juu. Boti ya Mokowe ni alfajiri, na basi halimngoji mtu.

Jambo langu ni moja. Zile siku ambazo zamu yako hospitalini ni ya usiku, ni nani atakayeketi na mtoto baada ya isha akamsomea? Nilikuuliza juzi, ukajibu kwamba msichana wa kazi yupo. Sikukuuliza nani atampikia, wala nani atafunga mlango.

Mwaka huu mimi na mjukuu wangu tumesoma vitabu arubaini na vitatu. Idadi naijua kwa kuwa nimeviandika kimoja kimoja katika daftari langu la oda, nyuma ya vipimo vya milango ya watu, na orodha yake nimekunakilia. Sita hatukuvimaliza. Kimojawapo kilikuwa kikitoa nasaha kila ukurasa, hata akaniuliza kama aliyekiandika aliwahi kuwa mtoto. Kingine kilimfanya punda kuwa mpumbavu wa wanyama wote, naye, ambaye kwa mwaka mzima amewaona punda wakipita vichochoroni na mawe mgongoni na kurudi kwao bila ya mtu wa kuwaongoza, alikasirika akakifunga. Sikumlazimisha, na wewe usimlazimishe.

Alipokuja Januari ulinisifia kwamba anasoma mbio, na kweli alikuwa akisoma mbio. Lakini nilipomuuliza fisi amekasirikia nini, alinitazama kama niliyemuuliza habari za mtu asiyemjua. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hivyo mtoto akishazishika silabi anaweza kukumalizia ukurasa mzima mfano wa kasuku, na mzazi aliyechoka na kazi akadhani mambo yamekwisha. Hapo ndipo ninapokulaumu kidogo. Ilituchukua mpaka Ramadhani kabla hajaanza kusimama katikati ya sentensi, akaweka kidole na kuuliza, "Kwa nini?" Hiyo "kwa nini" ndiyo niliyoingojea, na ndiyo ninayoiogopea sasa, kwa sababu haitoki kwa mtoto anayesoma peke yake na hana wa kumuuliza.

Kuna usiku kitabu kilisema "njoo," na ulimi wangu wa Kiamu ukasoma "ndoo." Aliitazama picha, akaniambia, "Babu, mbona hapa hapana ndoo wala kisima?" Tulicheka hata mamako akapanda ngazi na magoti yake yale kuja kuuliza kulikoni. Tangu hapo ukawa mchezo wetu: yeye akisoma njia mimi nasema ndia, akisoma macho mimi nasema mato, na kila nikikosea kwa makusudi ananitoza njugu moja.

Na kwa kuwa nimezitaja njugu, vile vitabu vyako vya hadithi vilivyokwenda kwa muuza njugu ulipokuwa mtoto, nyumba ilikuwa ndogo na mchwa walikuwa wameshaingia kabatini. Mchwa wenyewe hawakuwa wengi. Siku ile uliponunua njugu ukakuta zimefungiwa ukurasa wako, uliukunjua ukausoma mpaka mwisho, kisha ukala njugu na hukusema neno. Mimi nilikuwa mlangoni mwa karakana nikikuona. Mwana Kupona, malenga wetu wa kale, alipomwachia bintiye utendi wake mwaka 1858, alikuwa na udhuru, maana maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima asipate kumwambia neno. Mimi nilikuwa mzima, nikiwachongea watu milango. Wewe ulijisomea mwenyewe mpaka ukavaa sare nyeupe, na hilo nimelisimulia karakanani hata wenzangu wamechoka kulisikia. Lakini usije ukasema kwamba kwa kuwa wewe ulijisomea, naye ataweza.

Basi kwa mwaka ujao nimepanga hivi. Nimenunua vitabu kumi na viwili, nakala mbili mbili, kitabu kimoja kwa kila mwezi. Nakala moja imo humu sandukuni, na ya pili ninayo mimi. Nitumie ratiba ya zamu zako mwanzo wa kila mwezi, na usiku wa zamu nitampigia simu baada ya isha, yeye afungue chake nami nifungue changu, tusome kwa zamu. Msichana wa kazi ashike simu tu. Usiku mwingine wote ni wako. Usiniambie umechoka, maana hata mimi nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Kiingereza atakipata shuleni, nacho sikipingi, ila cha nyumbani kiwe Kiswahili. Humo utaona pia daftari lenye hadithi tatu za mamako, alizosimuliwa akaziandika kwa mkono wake. Ameandika "fissi" kwa s mbili kila mahali, naomba usizipitishie kalamu nyekundu.

Sanduku ni la mwembe. Nilitaka mbambakofi, lakini ungeshindwa kulinyanyua pale jetini. Kafuri niliyotia pembeni usiitoe, ni ya wadudu. Achari ya mamako ibebe mkononi wala usiiweke juu ya vitabu, chupa yake inavuja, nami nilimwambia abadilishe kifuniko akaniona mjuaji. Anakukumbusha pia sufuria yake kubwa uliyoichukua Idi.

La mwisho ni kitabu cha kobe cha maktaba ya ngomeni, ambacho hakionekani. Siku tuliyokiazima nilimwambia mtoto kwamba ngome ile ilikuwa jela mpaka mwaka 1984, akaniuliza kama wafungwa walikuwa wakisomewa hadithi usiku. Mamako anasema kimo katika mfuko wake wa chuo cha Kurani. Mimi nadhani mtoto amekificha ili apate sababu ya kurudi. Ukikikuta usimgombeze na wala usikitume kwa basi. Mje nacho likizo ya Aprili, faini nitalipa mimi. Na hiyo ratiba nitumie kabla shule hazijafunguliwa.

Mimi babako,
Langoni, Amu