Betri za sola zikifa, ziende wapi?

Mhariri,

Kila gazeti linapoandika kuhusu kijiji kilichopata umeme wa jua, nasoma hadi mwisho nikitafuta jambo moja: betri zile zikifa zitapelekwa wapi? Sijalikuta bado. Mimi ni fundi wa sola huku Pwani, kazi hii ndiyo inayonilisha, na siwezi kuisema vibaya sola. Watoto wanasoma usiku bila moshi wa koroboi, na muuguzi wa zahanati hahitaji tena kushika tochi kwa meno mama anapojifungua. Lakini kila betri tunayofunga ina siku yake ya kufa, na siku hiyo hakuna aliyeipangia.

Nyingi ya zinazofungwa majumbani bado ni zile nzito za risasi na asidi, kizazi cha betri aliyoitengeneza Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Kwa joto letu, na kwa namna inavyokamuliwa mpaka mwisho kila usiku, huchoka ndani ya miaka michache. Hapo ndipo anapopita mnunuzi wa skrepa, yaani vyuma chakavu, na mkokoteni wake. Ananunua kwa kilo na hataki kulipia maji, basi betri huinamishwa pale pale uani maji yake yakamwagika chini. Nimeona nyasi zilivyokauka kufuata umbo la dimbwi, na kuku wakidonoa pembeni. Maji hayo hayana asidi peke yake, yamebeba risasi pia. Huko mbele wako wanaozipasua kwa shoka na kuyeyusha mabamba yake ndani ya sufuria, maana risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, joto ambalo moto wa mkaa unalifikia bila taabu. Mvuke na vumbi lake huwaangukia waliokaa karibu.

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anayetambaa na kutia vidole mdomoni hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile. Ikishaingia hukaa kwenye mifupa na meno, na mwanamke akipata mimba hutoka mifupani ikamfikia mtoto tumboni. Akili iliyoharibiwa na risasi hairudi.

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kusimuliwa haya. Kijiji cha Owino Uhuru kiko Mikindani, Mombasa, na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipewa nafasi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kilikuwa na leseni. Phyllis Omido aliajiriwa humo, mwanawe akaugua, vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Alipigania kijiji kizima mpaka kiwanda kikafungwa 2014, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kesi ilifunguliwa 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe ndani ya miezi 4, la sivyo zitolewe milioni 700 za kazi hiyo. Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Katika hukumu ya 2020 kuna jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani. Jaji aligawa lawama kwa asilimia, na fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, liliiangukia NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, si mwenye kiwanda. Aliyepewa kazi ya kutulinda ndiye aliyekutwa na deni kubwa zaidi. Nawaomba wanaotia saini leseni leo wausome ukurasa huo kabla ya kuchukua kalamu.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga viwanda vibovu. Haitoshi. Kule Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, baina ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18, na hapakuwa na bomba la moshi la kiwanda hata moja. Bei ya risasi ilikuwa imepanda duniani, na akina mama walikuwa wakichekecha mchanga uliojaa mabaki ya betri ili wauze. Watoto walikuwa migongoni mwao au wakicheza pembeni.

Wengine wananiambia lithiamu imekuja, shida imekwisha. Lithiamu haina risasi, kweli, na nafurahi kuifunga. Ila ikipasuliwa ovyo huwaka moto, na mtu wa skrepa haitaki, kwa hiyo zilizokufa zinarundikana chini ya vitanda.

Wasituambie pia kwamba serikali haina nguvu. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya umeme iliyoibwa vyuma ilianguka, nchi ikaingia gizani. Haikuisha wiki mbili, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameshapiga marufuku biashara ya skrepa nchi nzima. Serikali ilijua jinsi ya kuwafikia wanunuzi hao siku nyaya zake zilipoguswa. Na petroli yenye risasi, iliyoanza kuuzwa Marekani 1923, iliondolewa kwetu 2006, ingawa Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha 2021 tu. Karibu miaka 100, na hatari yake ilijulikana tangu mwanzo, kwa sababu wafanyakazi walioichanganya walikufa mwaka 1924.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 tayari inamtwika mwenye kuleta bidhaa jukumu la mwisho wake. Basi itumike kwa betri, na itumike mpaka kijijini. Mteja alipe amana anaponunua, arudishiwe akirudisha ile kuukuu dukani. Mnunuzi wa skrepa anunue betri ikiwa na maji yake ndani, na anayekutwa na iliyokaushwa aulizwe alimwaga wapi. Zabuni ya sola ya shule au zahanati isipitishwe kama haina gharama ya kuziondoa betri miaka mitano baadaye. Nimeona zabuni za namna hiyo, na ukurasa huo haumo. Kazi ya kuyeyusha iachiwe mitambo iliyofungwa yenye vichujio, damu ya wafanyakazi ipimwe, na udongo wa majirani vilevile. Majibu yabandikwe kwa Kiswahili ofisini kwa chifu, si kufungiwa Nairobi.

Na NEMA ianzie Mikindani. Itangaze udongo wa Owino Uhuru una risasi kiasi gani leo, nyumba kwa nyumba, na tarehe ya kuondoa tabaka lililochafuka.

Fundi wa sola,
Mtwapa, Kilifi