Barua kwa mwanangu: yale mafuta usiyatupe

Marahaba mama. Meseji yako matroni kanitumia jana usiku nikacheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini, eti mafuta ya nazi tuliyokufungia yameharibika, yamekuwa meupe magumu kama samli na unataka kuyatupa. We mtoto wa Kilwa we! Hayajaharibika. Mafuta ya nazi yanaanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, huku Kilwa Masoko mchana joto halishuki hivyo ila huko Iringa asubuhi ndo kawaida. Chupa iweke juani, au kwenye ndoo ya maji ya moto kama matroni atakuruhusu, yatalainika na harufu yake ileile. Yakiwa magumu ni mafuta, yakiwa maji ni mafuta. Hayo ndo mabadiliko ya kiumbo mnayosoma, sasa hiyo test ya 11 kwa 20 imetokeaje?

Karatasi nimeiona kwenye picha, nimeikuza nikasoma yote. Swali la nne umeandika mabadiliko ya kikemikali ni yale yasiyorudi nyuma, ukapewa tiki. Mi sio mwalimu, nimeishia la saba, lakini hiyo tiki imenikera kidogo mana nyumba hii inakula kwa kitu kinachorudi nyuma, na ada yako imetoka hukohuko. Chokaa.

Babu yako alikuwa mchoma chokaa, mi nilikuwa namsaidia nikiwa mdogo kuliko wewe. Magogo yanapangwa duara, mawe ya matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa jioni unakesha, hilo ndo tanuu. Likishapoa unaokota jiwe, kwa macho ni lilelile, ukubwa uleule, lakini ukilinyanyua mkono unaruka juu wenyewe kwa wepesi. Nilikuwa nadhani moto umekausha maji tu. Kumbe lah, moto ukifika kama nyuzi 900 jiwe linaachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na hiyo hewa ina uzito, jiwe likiwa safi kabisa kilo 100 zinatoka tanuuni kilo 56, hizo 44 zote zimepaa. Kilichobaki sio jiwe tena. Ni kitu kingine kabisa kimevaa sura ya jiwe, na hapo ndo nataka ufikirie, mana sura haikubadilika na bado ni kikemikali, alafu mafuta yako sura imebadilika na sio kikemikali. Ukiangalia kwa macho peke yake utakosea kila siku.

Alafu sasa limwagie maji hilo jiwe. Hakuna moto chini, hakuna kuni, lakini linapata moto lenyewe, linapasuka, maji yanachemka, moshi wa mvuke, na jiwe lote linamomonyoka kuwa unga. Mwaka wangu wa kwanza kufanya kazi mwenyewe nilijitia mjuaji nikafanyia kwenye ndoo ya plastiki, ndoo ikalainika ikakaa upande kama mlevi, ile chokaa ikanimwagikia mguuni, lile kovu ulilokuwa unaniuliza ulipokuwa mdogo nikakudanganya ni taa (yule samaki) ndo hilo. Haya nijibu we mwenyewe: maji kuchemka bila moto ni kiumbo au kikemikali? Na ndoo kulainika je? Usijibu haraka.

Chokaa ikishakuwa uji mzito tunajengea, tunapiga lipu, na pale ndo inarudi. Inavuta ileile hewa ya ukaa kutoka hewani, polepole, miezi na miaka, inaachia maji, mpaka inakuwa jiwe tena, lilelile la kabla ya tanuu. Kuta za msikiti mkuu wa kale pale Kilwa Kisiwani zimesimama karne na karne kwa kazi hiyo, watu wanakuja na ndege kuzipiga picha hawajui zinapumua. Mi nimezitengeneza kwa mikono hii, kibarua, wakati wa ukarabati, kabla UNESCO hawajayatoa yale magofu kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini 2014. Kuna kazi nyingine (sio ya hapo) bosi mmoja alinilazimisha nizibe ukuta wa zamani kwa saruji, nikamwambia saruji itafungia unyevu ndani, akaniambia fundi fanya ulicholipiwa. Lipu ikaanza kubanduka na nikalaumiwa mimi. Basi tu.

Na hata hapo shuleni mmeshaijenga hiyo kuta hamjajua. Lile jaribio ulilonisimulia, mnapuliza mrija kwenye maji ya chokaa yanakuwa meupe kama tui? Ile nyeupe ni jiwe, linatokana na pumzi yako. Ila usivute tu mama, puliza.

Kwa hiyo mtihani ukija, usijiulize inarudi au hairudi. Jiulize kimezaliwa kitu kipya au ni kilekile kimebadili mkao. Chumvi ikiyeyuka kwenye mchuzi ni chumvi bado, ulimi unakwambia. Kuni zikiwa majivu huna kuni tena hata ufanyeje. Na kama mwalimu anataka ile ya kutorudi nyuma muandikie akupe maksi zake, ila muulize kwa adabu kuhusu chokaa, mwambie baba kauliza.

Korosho nimempa konda wa basi, zifuate stendi Jumamosi na matroni. Mama yako anasema sweta uvae sio kulifanya mto. Ukija likizo nitakuonyesha shimo langu la chokaa nyuma ya banda, ina miezi mitano mle na bado laini kama jibini, sababu nimeifunika maji hewa haiifikii.

Baba yako