Barua kwa mwanangu: kipimo ulichoniomba

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Salim,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Bibi yako anakohoa kidogo, lakini bado hakuna sufuria inayofunikwa bila yeye kuonja. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu bwenini ni marufuku, na hata ingeruhusiwa, haya si maneno ya WhatsApp. Niko zamu ya usiku, wagonjwa wamepungua, na neno lako la siku ile halijaniacha.

Ulisema: "Kama ninaumwa, nipime basi! Si ndiyo kazi yako?"

Sikukujibu. Nilikupokonya simu nikaifungia kabatini, na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimekuita teja wa gemu mbele ya baba yako mdogo. Hilo nitalirudia. Kwanza swali lako, maana nimelibeba miezi minne.

Miaka 19 kazi yangu ni kupima. Malaria naitoboa kidoleni, baada ya robo saa nimeandika jibu. Sukari ni sekunde tu. Nikadhani na hili la gemu lazima litakuwa na chupa yake mahali fulani, nikaanza kusoma usiku. Hakuna, baba. Hakuna damu, mkojo wala picha ya ubongo ambayo daktari wa Tanga au wa London anaweza kuitazama akasema huyu gemu limemshika na huyu hapana. Wanauliza maswali, wanasikiliza, basi.

Ila viashiria mwilini wamevitafuta, na nilivyovikuta vimenifanya nikuandikie.

Mwaka 1998 watafiti wa London waliwachukua wanaume 8, wakawalaza kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, wakawapa gemu la kuendesha kifaru. Ukivuka hatua unalipwa. Namna walivyopima ndiyo iliyonifurahisha mimi mtu wa maabara. Kwenye ubongo kuna viti ambavyo dopamini hukaa. Dopamini ni ile kemikali inayomwambia mtu "hiki kina faida, kifuate". Waliwadunga dawa yenye mionzi kidogo inayopenda kukalia viti hivyohivyo. Dopamini ikimwagika, dawa inakosa pa kukaa, na picha inafifia. Wale waliposhika gemu, picha ilififia, na aliyecheza vizuri zaidi ilimfifia zaidi. Kwa hiyo ulipokuwa ukiniambia "Mama, huelewi inavyojisikia", ulikuwa na haki. Kulikuwa na kitu.

Lakini dopamini humwagika hata kwa wali wa nazi, hata timu yako ikifunga dakika ya 90. Kumwagika kwake si ugonjwa. Watu huruka hapa, wanaandika mitandaoni kwamba gemu ni sawa na unga. Mimi nimewaona watu wa unga wakija kupimwa, nawe si mmoja wao.

Halafu mwaka 2011 Wajerumani na wenzao wa Ulaya walipima ubongo wa vijana 154 wa miaka 14. Waliocheza zaidi ya saa 9 kwa wiki walikuwa na sehemu moja ya ndani, upande wa kushoto, inayohusika na zawadi, kubwa kuliko wenzao. (Saa 9 kwa wiki! Wewe hizo ulikuwa unazimaliza Jumamosi kabla ya adhuhuri.) Je, gemu ndilo lililoikuza, au waliozaliwa nayo ndio wanaopenda gemu? Picha ya siku moja haiwezi kusema. Ni kama kumpima mtu damu mara moja ukataka ikueleze alianza kuumwa lini.

Ndipo nikakutana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Hawa waliwafuata watoto 6,143 wanaocheza gemu, kuanzia miaka kama 10 hadi 15. Mwaka wa kwanza waliwaingiza kwenye MRI, mashine ya kupiga picha ubongo kwa sumaku, na kuwapa kijikazi: bonyeza kitufe upesi, utapata dola 5. Miaka mitatu iliyofuata wakawauliza kuhusu gemu: unashindwa kuacha? unacheza ili usahau shida?

Mimi nilitarajia kwamba watakaokuja kunaswa ni wale ambao ubongo uliwaka sana walipoona dola 5. Ilikuwa kinyume. Walioonyesha dalili nyingi za kunaswa baadaye ni wale ambao, tangu mwanzo, sehemu ile ya zawadi ilikuwa inawaka hafifu.

Nilisoma pale mara tatu, kisha nikaweka simu chini.

Kwa sababu nilikukumbuka wewe baada ya goti. Ulipoumia kwenye ndondo ile, daktari akasema miezi sita bila mpira, nilishughulika na goti tu. Barafu, bandeji, dawa. Sikuona kwamba pweza wa bibi yako ulikuwa unamgusa kwa ncha ya uma unaondoka. Kwamba Mudi alipokuja kukuita baharini ulisema umechoka. Ulipopata alama nzuri ya Hisabati ulinipa karatasi kama mtu anayerudisha risiti. Nikaona kiburi cha ujana. Gemu likaja kwenye nyumba ambayo kila kitu kilishakuwa chapwa, na humo angalau kitu kilikuwa kinawaka.

Sasa usichukue maneno yangu ukawaambia wenzako ubongo wako mbovu, mama amesema. Watoto elfu sita ukiwaweka pamoja tofauti inaonekana; ukimtoa mmoja, haikuambii. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, lakini shangazi yako Mwanahamisi anamtazama baba yako kwa juu. Isitoshe, wewe hujawahi kuingizwa MRI, na walichopima wao ni ubongo wa watoto tangu mwanzo, si goti lililoumia wala huzuni iliyokuja baadaye kama yako. Nimekuazima utafiti wao kama mtu anavyoazima tochi.

Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo vyao ni vitatu: umeshindwa kujizuia, gemu limepita mambo mengine yote, na unaendelea ingawa unaona linakuharibia. Kwa kawaida hayo yawe yameonekana miezi 12 au zaidi. Nilikaa na kalenda ya ukutani nikahesabu. Kujizuia, ulishindwa, usiku wa bando la saa nane tunaujua wote wawili. Mambo mengine yalipitwa, ndiyo. Uharibifu, ndiyo, na zile 40,000 ulizochukua kwenye simu yangu ukanunua almasi za gemu sijazisahau. Miezi? Nilipata 7. Kwa hiyo hata kwa kitabu chao, mimi niliyekuita teja sikuwa na jibu mkononi. Maabara mtu akitoa jibu bila kupima anafukuzwa kazi. Nisamehe. Baba yako mdogo nimeshamwambia vilevile, nikiwa nimesimama sebuleni palepale.

Zile 40,000 utazilipa, lakini. Tutaongea ukifunga shule.

Na yale masanduku ya kwenye gemu unayofungua bila kujua utatoa nini ndani, nataka uyaogope kidogo. Ubongo huchangamka zaidi kwa zawadi isiyotarajiwa kuliko ile ya uhakika, na waliotengeneza wanalijua hilo vizuri. Ubelgiji mwaka 2018 walisema yakinunuliwa kwa pesa ni kamari. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kusema "acha, kalale", huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Wewe una 15. Kwa hiyo breki nyingine lazima itoke nje, kwangu, na nitaendelea kuwa hiyo breki hata ukinuna. Najua utasema nami hushika simu hadi saa sita na kundi la harusi ya Zuhura. Kweli. Nimeitoa chumbani, sasa inalala jikoni.

Simu yako sijaiuza. Ipo kabatini, nimeizima ili betri isife. Mudi amenitembelea, anaulizia kama Desemba utakwenda naye kuvua. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Ninachotaka kutoka kwako ni karatasi moja. Niandikie ni kitu gani huko kilikupa furaha wiki hii, hata kikiwa kidogo. Kama hakuna, andika hakuna, usinitungie. Kuna daktari wa afya ya akili hapa hospitalini, mtu mpole, nami nitakuwa nje ya mlango.

Nimeweka visheti kwenye kopo la maziwa. Bandeji ya goti ipo chini yake, usiitupe pamoja na karatasi.

Mama yako