Kabla Hujapandisha Kifurushi, Pima Kwanza kwa Waya

Simu nyingi tunazopokea dukani kwetu hapa Mombasa hufanana: mteja amelipia megabiti 20, lakini akiingia chumbani video inazunguka tu. Mara nyingi ameshaamua la kufanya, anataka apandishwe hadi 40. Huwa tunamwomba asubiri. Pesa atakazoongeza kila mwezi zinanunua kasi inayofika kwenye ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani. Kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu iliyo mkononi mwake ni safari nyingine, na huko ndiko tunakokuta matatizo mengi.

Kipimo chenyewe unaweza kukifanya leo bila fundi. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao, zima waifai ya kompyuta hiyo, waombe walio nyumbani waache simu dakika chache, kisha fungua fast.com, tovuti inayopima kasi ya intaneti. Ukipata 18 au 19 kwenye kifurushi cha 20, laini yako ni nzima. Tatizo limo humo ndani ya nyumba, hewani. Ukipata 4 hata kwa waya, badilisha waya ujaribu tena, zima ruta na uiwashe, na namba isipopanda wasiliana na kampuni inayokuuzia intaneti. Asiye na kompyuta asimame na simu mita mbili kutoka kwenye ruta. Kipimo hicho hakilingani na cha waya, ila kinatoa mwanga.

Angalia pia vipimo vyenyewe. Kampuni huuza kwa megabiti, ilhali faili unapozipakua huonyeshwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 20 kikishusha faili kwa megabaiti 2.5 kila sekunde, umepata haki yako yote.

Tuje kwenye kuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta mmoja unaweza kufika unene wa nusu mita. Zinatunza ubaridi vizuri sana, lakini mawimbi ya waifai yanachoka humo. Fleti za Nyali na Bamburi nazo zina zege lenye nondo ndani. Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili: 2.4 GHz, yanayofika mbali lakini kwa kasi ndogo, na 5 GHz, yenye kasi kubwa lakini yanayokatwa upesi na ukuta. Ukiona jina la waifai yako limeandikwa 5G mwishoni, ni hayo ya 5 GHz. Hayahusiani na 5G ya kampuni za simu. Ukiwa sebuleni karibu na ruta, tumia hilo. Ukiwa chumba cha tatu, lile la 2.4 huenda likakufaa zaidi.

Halafu itazame ruta yenyewe ilipo. Aliyeleta faiba (waya wa kioo unaoleta intaneti nyumbani) aliingiza waya kwa dirisha la karibu, akaiacha ruta hapo hapo, mara nyingi nyuma ya televisheni au ndani ya kabati. Itoe. Iweke juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba kadiri inavyowezekana, mbali na friji, kioo kikubwa na tangi la maji. Maikrowevu pia hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, kwa hiyo waifai ya 2.4 ikikwama kila chakula kinapopashwa moto, umeshapata sababu. Tahadhari moja tu: waya wa faiba usiuvute wala kuukunja, ndani yake ni kioo. Kama hautoshi, muite fundi.

Wanaoishi fletini wana shida ya ziada, majirani. Mawimbi hugawanywa katika njia ziitwazo chaneli. Kwenye 2.4 GHz, zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na jengo moja linaweza kuwa na ruta thelathini zinazogombania hizo tatu. Ingia kwenye ruta kupitia 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (anwani huwa kwenye kibandiko chini yake), uchague chaneli iliyo na msongamano mdogo. Ukiwa humo, hakikisha ulinzi ni WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila neno la siri), na ubadilishe neno la siri kama limeshazunguka mtaa mzima. Kasi ikirudi baada ya hapo, ujue ulikuwa unagawana na watu usiowajua.

Sasa vile vifaa vidogo vya kuongeza mawimbi vinavyochomekwa ukutani. Tunaviuza, na bado tunawaambia wateja wasikimbilie. Wengi hukiweka ndani ya chumba kisicho na waifai, ambako hakina cha kuongeza. Mahali pake ni katikati ya ruta na chumba hicho. Isitoshe, kile cha bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio moja, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Kwa nyumba ya mawe tunapendelea waya wa mtandao, unaoweza kufika mita 100, upitishwe kando ya ngazi hadi ghorofani na kuunganishwa na kifaa cha pili cha waifai huko. Gharama yake ni ya mara moja.

Kuna siku kosa si la nyumba wala la ruta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom, zinazopita chini ya bahari, ziliharibika, na intaneti ikapooza Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku kama hizo muulize kwanza jirani anayetumia kampuni nyingine.

Ukitupigia, tuambie kasi uliyopata kwa waya, ile ya chumbani, na kama ulipima asubuhi au saa tatu usiku watu wote wakiwa mtandaoni. Kwa namba hizo fundi atajua abebe nini, au akuelekeze kwa kampuni yako bila kukutoza nauli ya bure.